Safari Ipishe Upepo

Usiku wa kuamkia tarehe 16 Oktoba 1987, tufani ilipita kusini mwa Uingereza ikang'oa miti inayokadiriwa kufikia milioni 15. Watu 18 walikufa nchini humo. Tarehe 25 Januari 1990, tufani nyingine ya jamii hiyo hiyo ilivuka nchi hiyo hiyo. Safari hii miti iliyoanguka ilikuwa karibu milioni 3, moja ya tano tu ya ile ya mwanzo, lakini waliokufa walikuwa 47. Nimeziweka hesabu hizi mbili pamoja kwa sababu zikisomwa moja moja hazisemi kitu, na zikisomwa pamoja zinapinga jambo ambalo wengi wetu tunaliamini bila kulihoji, kwamba vifo hufuata ukali wa upepo. Kilichobadilika kati ya 1987 na 1990 ni saa. Tufani ya kwanza ilifanya kazi yake kubwa kati ya usiku wa manane na mapambazuko, watu wakiwa vitandani, shule zimefungwa, barabara tupu. Ya pili ilikuja mchana wa Alhamisi, siku ya kazi, wakati nchi nzima iko nje. Watu wakaangukiwa na miti na kuta wakiwa njiani, malori yakapinduliwa, na mwigizaji mashuhuri wa televisheni, Gorden Kaye, akaumizwa vibaya kichwani jijini London pale kipande cha bango la matangazo kilipopasua kioo cha mbele cha gari lake.

Kuna jambo la pili katika kumbukumbu hizo, nalo ndilo linaloniumiza zaidi. Mwaka 1987 watabiri wa hali ya hewa wa Uingereza walilaumiwa sana kwa kutoonya ipasavyo, na baada ya lawama hizo ukaundwa mfumo mpya wa kitaifa wa tahadhari. Mwaka 1990 utabiri ulikuwa mzuri na tufani ilitajwa mapema. Utabiri uliokosea ulifuatiwa na vifo 18, na utabiri uliopatia ulifuatiwa na vifo 47. Anayedhani kazi ya kuokoa watu inaisha pale mtabiri anaposema kweli, na akae na hesabu hiyo kwanza. Upepo ulitangazwa, kisha watu wakaenda kazini kwa sababu kazi ilikuwa haijafungwa, na watoto wakaenda shule kwa sababu shule ilikuwa haijafungwa. Habari ilifika, ruhusa ya kubaki nyumbani haikufika.

Tuongeze ya tatu. Ijumaa ya tarehe 18 Februari 2022, tufani iliyopewa jina la Eunice ilipiga Wales na kusini mwa England mchana kweupe. Kwenye miamba ya Needles, katika kisiwa cha Wight, kipimo kilisoma pigo la upepo la kilomita 196 kwa saa, ambalo ni rekodi ya England. Siku moja kabla, idara ya hali ya hewa ilikuwa imetoa tahadhari nyekundu, ya daraja la juu kabisa, kwa pwani za kusini mwa Wales na kusini-magharibi mwa England, na alfajiri ya siku yenyewe ikaliingiza jiji la London na kusini-mashariki. Treni za Wales zilisimamishwa kutwa nzima. Madaraja mawili makubwa ya barabara yanayovuka mlango wa mto Severn yalifungwa yote mawili. Shule nyingi zilifungwa, na waliokuwa na uwezo wa kufanya kazi nyumbani waliambiwa wabaki huko. Paa la ukumbi wa O2 jijini London lilichanika, na nyumba zaidi ya milioni moja zilikosa umeme. Waliokufa Uingereza siku hiyo walikuwa 3. Wote watatu walikuwa ndani ya magari.

Kutokana na kumbukumbu hizi nashikilia hoja moja. Upepo unaokuja na ukingo wa hewa baridi, ambao huwamo katika tufani za namna hii, ni hatari ya saa maalumu, na kinga yake kubwa kuliko zote ni kuahirisha shughuli mpaka saa hizo zipite. Dhoruba ya radi huweza kuzuka mchana mmoja juu ya mtaa mmoja bila kumpa mtu muda, lakini ukingo wa hewa baridi huja kama mstari mrefu, wa mamia ya kilomita, unaosogea kwa mwendo unaofuatiliwa na setilaiti, rada na vituo vya hali ya hewa vilivyotangulia kuguswa. Siku moja kabla, mtabiri mzuri anaweza kusema utafika mji gani kati ya saa ngapi na saa ngapi. Ni nadra maumbile kutupa taarifa ya namna hiyo. Hata hivyo kuna sehemu ya pili ya hoja, na bila hiyo ya kwanza inageuka kuwa ushauri wa watu wenye nafasi: muda si mali ya kila mtu. Muda wa mfanyakazi uko mikononi mwa mwajiri, wa mwanafunzi uko kwa mwalimu mkuu, wa abiria uko kwa nahodha na mwenye chombo. Kwa hiyo tahadhari ya upepo ni ujumbe kwao kwanza, na wasipoutendea kazi, mtu wa kawaida anabaki na habari mfukoni na mguu njiani.

Inafaa kueleza ukingo huo ni nini, kwa sababu namna unavyofanya kazi ndiyo namna unavyodanganya. Hewa ya baridi ni nzito. Inapotoka upande wa ncha ya dunia kuelekea maeneo ya vuguvugu, hujisukuma chini ya hewa nyepesi iliyoitangulia na kuinyanyua juu. Mbele ya mstari huo mgandamizo wa hewa hushuka, barometa ikateremka, na hewa ya vuguvugu hukimbia kwa kasi kuelekea kitovu cha mgandamizo mdogo. Mstari wenyewe unapofika huja na mvua nzito inayoburuta upepo wa juu na kuushusha ardhini kwa mapigo. Halafu upepo hugeuka ghafla. Kaskazini mwa ikweta hutoka kusini-magharibi na kuhamia kaskazini-magharibi. Kwenye rasi ya Cape, Afrika Kusini, hutoka kaskazini-magharibi na kuhamia kusini-magharibi. Ukuta uliokukinga asubuhi haukukingi jioni, na ghuba iliyokuwa shwari chombo kilipotia nanga inaweza kuwa ndiyo inayopokea mawimbi saa moja baadaye. Kisha nyuma ya mvua mara nyingi mbingu husafika, jua likatoka, na watu wakafungua milango wakidhani mambo yamekwisha, ilhali katika tufani fulani upepo mkali kuliko wote uko nyuma ya ukingo, kama ulivyokuwa mwaka 1987. Saa za kuahirisha zinapaswa kuhesabiwa mpaka upepo utulie. Mvua kukatika hakutoshi.

Udanganyifu mkubwa zaidi uko mwanzoni, katika ile hewa ya vuguvugu inayotangulia. Tarehe 11 Novemba 1940 ilikuwa sikukuu Marekani, kumbukumbu ya kumalizika kwa Vita vya Kwanza vya Dunia, na katika jimbo la Minnesota asubuhi ilipambazuka na joto lisilo la kawaida kwa mwezi huo. Wawindaji wa bata walijaa kwenye visiwa na vinamasi vya mto Mississippi wakiwa na mavazi mepesi. Bata walipita makundi kwa makundi, wengi kuliko walivyozoea kuwaona, na wawindaji wakafurahi. Ndege wale walikuwa wakikimbia kilichokuwa kinakuja. Ukingo ulipofika, joto liliporomoka chini ya kiwango cha kuganda ndani ya saa chache, mvua ikageuka theluji, na upepo ukainua mawimbi yaliyowazuia kurudi ng'ambo kwa mashua zao ndogo. Wakafia visiwani usiku ule, wakiwa wamelowa. Watu 49 walikufa Minnesota, na karibu nusu yao walikuwa wawindaji hao. Katika Ziwa Michigan meli tatu kubwa zilipotea au kuvunjika, na mabaharia zaidi ya 60 wakafa. Jumla ya vifo katika majimbo yote ilizidi 140. Utabiri wa eneo lote hilo ulikuwa unatolewa na ofisi ya Chicago, ambayo haikuwa na watu wa zamu usiku kucha. Baada ya msiba huo zamu ikawa ya saa 24, na ofisi za karibu zaidi na watu zikapewa mamlaka ya kutoa utabiri wao. Navutiwa na mageuzi hayo kwa sababu yaligusa mahali penyewe, yaani nani yuko macho saa ile, na nani ana ruhusa ya kusema.

Watakuwapo watakaosema kwamba natumia hesabu chache kubeba hoja nzito, na pingamizi hilo ni la haki. Tufani ya 1990 ilifunika eneo pana kuliko Eunice na ilidumu kwa saa nyingi. Kipimo cha Needles kiko juu ya jabali la pwani lililo wazi kwa upepo wa bahari, na bara upepo wa siku ile ulikuwa chini zaidi. Magari ya 2022 ni imara kuliko ya 1990. Tena janga la korona lilikuwa limekwisha kuwafundisha mamilioni ya watu kufanya kazi wakiwa nyumbani, kwa hiyo agizo la kubaki ndani lilikuta nchi iliyozoea. Nakubali yote hayo, na la mwisho nalichukua kama ushahidi wa upande wangu: kilichofanya kuahirisha kuwe rahisi ni kwamba waajiri walikuwa wamekwisha kuona kazi haifi mtu akibaki nyumbani kwa siku moja. Na hesabu haiishii hapo. Tarehe 24 Januari 2025 tufani Éowyn ilipiga Ireland kwa pigo la zaidi ya kilomita 180 kwa saa huko Mace Head, likaivunja rekodi ya nchi iliyokuwa imedumu tangu 1945. Nchi yote iliwekwa chini ya tahadhari nyekundu, shule zikafungwa, mabasi na treni vikasimama, na huko Ireland ya Kaskazini na Scotland simu za mkononi zikapigiwa mlio wa dharura. Wateja wa umeme wapatao 768,000 walibaki gizani katika Jamhuri ya Ireland, wengine kwa zaidi ya wiki mbili. Upepo uliovunja rekodi ya miaka 80 ulimwua kijana mmoja huko Donegal, Ireland, na mwingine huko Scotland. Wote wawili waliangukiwa na miti wakiwa ndani ya magari.

Hapo ndipo ninapopata ujasiri wa kusema wazi kwamba gari si kimbilio. Mtu akiwa ndani ya gari huhisi amefunikwa na bati na vioo, na hisia hiyo ndiyo inayompeleka chini ya miti ya kando ya barabara, juu ya madaraja marefu, na pembeni ya malori yenye bodi ndefu ambayo upepo wa ubavu huyalaza. Nguvu ya upepo haiongezeki sambamba na kasi yake, bali huongezeka kwa kipeo cha pili: upepo wa kilomita 120 kwa saa unasukuma mara nne ya ule wa kilomita 60. Dereva aliyezoea kuendesha katika upepo wa 60 hana uzoefu wowote wa 120, hata kama ana miaka 30 barabarani.

Ndani ya nyumba nako kuna mambo mawili au matatu ambayo watu huyakosea. Wapo wanaofungua mlango wa upande unaopigwa na upepo ili hewa ipite isivunje. Kumbe upepo ukipita juu ya paa hulivuta kuelekea juu, na ukiruhusiwa kuingia kwa chini hulisukuma pia kutoka ndani, na hapo kenchi na misumari ya bati vinabeba mzigo mara mbili. Milango na madirisha yafungwe. Vitu vya uani, ndoo, mabati ya akiba, meza na matofali yanayoshikilia maturubai, viingizwe ndani kabla ya saa iliyotajwa, kwa sababu bati linaloruka ni upanga. Chumba cha kukaa ni cha chini, upande usiopigwa, mbali na vioo na mbali na mti mkubwa kama upo karibu. Kuta za uzio zisizo na nguzo zisiegemewe kamwe.

Sasa nafika kwenye pingamizi lililo zito kuliko yote. Nyumba yenyewe ikiwa ndiyo hatari, agizo la kubaki ndani linamsaidia nani? Tarehe 7 Juni 2017 ukingo mkali wa hewa baridi uliingia Cape Town. Serikali ya jimbo la Western Cape ilifunga shule siku hiyo kabla tufani haijafika, uamuzi ambao kwa maoni yangu unastahili kusomwa na kila wizara ya elimu barani. Hata hivyo watu walikufa, na baadhi yao walikufa majumbani mwao. Katika vitongoji vya Cape Flats maelfu ya familia huishi kwenye vibanda vya mabati na mbao vilivyosimama juu ya mchanga, na kila majira ya baridi kingo za hewa baridi huvizuru mmoja baada ya mwingine. Kumwambia mama wa kibanda hicho abaki ndani ni kumwambia asubiri paa limwangukie. Kwa hiyo hoja yangu lazima ipanuliwe: pale nyumba isipostahimili, kuahirisha kunahitaji mahali. Ukumbi wa shule iliyofungwa, kanisa, msikiti, jengo la serikali ya mtaa, vifunguliwe kabla ya saa ya upepo, watu wakiwa bado wanaweza kutembea kufika huko. Shule ikifungwa wanafunzi na ikabaki imetiwa kufuli, nusu ya kazi imeachwa.

Siku hiyo hiyo, karibu kilomita 500 mashariki kwa njia ya barabara, mji wa Knysna uliungua. Mbele ya ukingo kulikuwa na upepo wa joto na ukavu ulioteremka kutoka milimani kuelekea baharini, juu ya ardhi iliyokuwa katika ukame mkali, na mioto iliyozuka ikakimbizwa nao mpaka mjini. Mamia ya nyumba yaliteketea, watu wasiopungua 7 walikufa, na maelfu walihamishwa. Kama wale maelfu wangeshikilia kubaki ndani, vifo vingekuwa vingi mno. Nalitaja hili kwa sababu sitaki mtu yeyote achukue kubaki ndani kuwa kanuni isiyo na mpaka. Kuhama mapema na kubaki ndani ni matawi ya jambo moja, nalo ni kuamua kabla ya saa, wakati njia bado iko wazi. Anayehama moto ukiwa ameuona dirishani, na anayesafiri upepo ukiwa umekwisha kuanza, wote wameamua wakiwa wamechelewa.

Wengine husema tahadhari zikizidi watu huzizoea, na zikikosea watu huzidharau. Ni kweli kwamba ukingo huweza kupunguza nguvu njiani au kukunja kona, na biashara iliyofungwa bure ni hasara halisi kwa mtu halisi. Lakini dawa ya tahadhari zinazokosea ni kuzifanya ziwe fupi na mahususi. Tahadhari ya siku nne mfululizo kwa mikoa sita inaomba kitu ambacho hakuna mtu anayeweza kukitoa. Hakuna mvuvi atakayekaa siku nne bila chakula kwa ajili ya sentensi moja ya redioni. Tahadhari inayosema kuanzia saa tano asubuhi mpaka saa kumi jioni inaomba nusu siku, na nusu siku watu wengi wanaweza kuitoa, hasa wakijua jioni wataruhusiwa kuendelea. Mfumo wa Uingereza, na ule wa Afrika Kusini katika miaka ya karibuni, umehamia kwenye tahadhari zinazotaja madhara: miti itaanguka, umeme utakatika, vibanda vitaezuliwa. Hiyo ni hatua kubwa. Mtu hajui kilomita 90 kwa saa ni nini, ila anajua bati kuezuliwa ni nini.

Pwani ya Afrika Mashariki haivukwi na kingo hizi kwa sura yake kamili. Kwa latitudo zetu huwa zimekwisha kuchoka. Lakini nyuma ya kila ukingo unaopita kusini mwa bara hufuata mgandamizo mkubwa wa hewa, nao husukuma hewa ya baridi kupanda Mlango wa Msumbiji, na kusi inakaza. Ndiyo maana katika miezi ya Juni, Julai na Agosti Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mara kwa mara angalizo la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 kwa Tanga, Dar es Salaam, Pwani, Lindi, Mtwara, Unguja na Pemba. Kilomita 40 bara ni vumbi na nguo kuanguka kutoka kambani. Katika mkondo kati ya Dar es Salaam na Unguja, kwa chombo kidogo kilichojaa, ni jambo jingine kabisa. Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, boti ya MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikiwa na watu wapatao 290, bahari ikiwa imechafuka kwa upepo, na watu wengi walikufa. Chombo kile kilikuwa na matatizo mengine yaliyojadiliwa sana wakati ule, na siyatupi nyuma ya mlango. Ila swali la saa linabaki palepale: nani alikuwa na mamlaka ya kusema boti ising'oe nanga mchana ule, na angepoteza nini kwa kusema hivyo?

Ziwa Victoria nalo lina ukingo wake mdogo. Dhoruba ya radi ikipevuka juu ya ziwa au kwenye milima inayolizunguka, hewa baridi huporomoka kutoka ndani ya wingu, ikifika chini hutawanyika kwa nguvu na kusukuma hewa ya vuguvugu iliyokuwa imelala juu ya maji. Wavuvi wanaijua: baridi ya ghafla usoni, halafu upepo, halafu wimbi. Kinachotofautiana ni muda, kwani ukingo wa Cape huonekana siku mbili kabla, na huu huonekana saa chache au chini yake. Hapo kuahirisha maana yake ni kutotoka na karabai jioni ile mawingu ya radi yanapotajwa, na kwa aliyekwisha kutoka, ni kugeuza mtumbwi mara ile baridi inapogusa uso. Jaketi la kuokoa maisha livaliwe tangu ufukweni. Likiwa limefungwa kwenye benchi halimsaidii mtu, maana upepo wa aina hii haumpi nafasi ya kulivaa.

Yapo maneno ambayo kwetu hutangulia kila mazungumzo ya namna hii: ajali haina kinga, na siku ya mtu ikifika imefika. Siwezi kuyachukulia maneno hayo kwa wepesi, kwa sababu yamewafariji watu wengi waliofiwa, na mfiwa anastahili faraja yake. Lakini maneno ya matanga hayafai kuwa maneno ya gatini. Ya matanga husemwa baada, kwa mtu ambaye hawezi tena kubadili kitu. Gatini kuna mtu ambaye bado anaweza kurudisha tiketi. Anayeamini kwamba siku zake zimeandikwa hana sababu ya kukataa kwamba kuahirisha nako kunaweza kuwa kumeandikwa. Mabaharia wa zamani wa pwani hii, waliokuwa watu wa imani kubwa, waliishi kwa kungoja. Walikaa bandarini miezi mpaka kaskazi igeuke kuwa kusi, wakafunga vyombo wakati upepo usipotabirika, na hakuna aliyewaita waoga.

Baada ya upepo huja hatari inayosahaulika. Katika tufani Eunice, mbali na wale watatu wa Uingereza, mtu mmoja alikufa Ireland, mfanyakazi wa halmashauri huko Wexford aliyekwenda kushughulikia mti ulioanguka, naye akaangukiwa na mwingine. Mti ulioegemea, tawi lililonasa juu na waya wa umeme uliolala kwenye majani ni mambo ya kuachiwa watu wenye vifaa, na hata wao wasitumwe kabla upepo haujatulia. Mkubwa wa kazi anayemtuma kibarua wake mapema ili barabara ifunguke haraka amelipa kitu kisicho chake. Na umeme ukikatika kwa siku kadhaa, jenereta na jiko la mkaa vikiwashwa ndani ya nyumba iliyofungwa kwa ajili ya baridi, huua kwa hewa isiyo na rangi wala harufu. Nasema hapa hasa na ndugu zetu walio Ulaya na Amerika Kaskazini, ambao jiko la mkaa hubaki rohoni mwao kama suluhisho la kwanza nyumba ikiingia giza. Lisiingizwe ndani, hata kwa nusu saa, hata dirisha likiwa wazi kidogo.

Nikiulizwa kitu kimoja ambacho ningetaka kibadilike kwenye pwani yetu kabla ya kusi ijayo, ningetaja tiketi. Abiria wa boti aliyepanga safari ya kwenda msibani au hospitali hatairudisha kwa hiari yake ikiwa kuirudisha ni kuipoteza, na nahodha hatazuia chombo ikiwa hasara yote inamwangukia yeye na mwajiri wake peke yao. Iwekwe kanuni inayojulikana na kila mtu: angalizo la upepo likitolewa kwa saa fulani, tiketi ya saa hizo inatumika siku yoyote ndani ya wiki bila malipo ya ziada, na chombo kilichosimama kwa sababu hiyo kisidaiwe ada ya bandari kwa muda huo. Kibarua wa kutwa alipwe nusu siku yake na mkandarasi. Na angalizo lenyewe lisomwe redioni likiwa na saa mbili ndani yake, ya kuanza na ya kumalizika, na jina la mkondo au ghuba inayohusika, ili mtu aliyeko Kilwa asifunge chombo chake kwa upepo wa Pemba.